Suti ya Siku Moja

Sogea kidogo unisikilize, wewe uliyekuwa mtoto miaka ile ile niliyokuwa mtoto mimi. Nitakueleza polepole, na pakija neno la ushonaji nitalifafanua, maana si kila mtu amelelewa chini ya meza ya fundi kama mimi.

Wiki iliyopita nilimpeleka mtoto wa dada yangu shuleni, nikapita mbele ya darasa ambamo watoto walikuwa wanabandika vipande vya gazeti juu ya maputo ili kutengeneza vinyago. Gundi yao ilikuwa ya unga wa ngano, ile inayopikwa hadi ikavuta. Harufu ya unga ule na ya karatasi iliyolowa ilinisimamisha. Mwalimu akanikaribisha niingie nitazame. Nikamwambia nina haraka. Sikuwa na haraka. 

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alitoka Bukavu, na chumba chake cha kazi kilikuwa juu kwenye jengo kuukuu katikati ya Johannesburg, mahali ambapo ukichungulia dirishani unaona mapaa ya teksi yamebanana hadi kwenye roboti, yaani taa za barabarani. Alichangia chumba hicho na Sadiki, Mrundi wa Bujumbura, aliyebadilisha zipu na kuuza vifungo. Sadiki alikuwa na kazi nyingine isiyo na malipo: kumtania baba kuanzia asubuhi hadi jioni. Mama alisuka nywele katika saluni ya chini. Mimi nilizaliwa hapa hapa. Kiswahili cha nyumbani nilikielewa chote, lakini mdomo wangu ulikimbilia Kizulu, na kwa sababu hiyo baba alinifanya mkalimani wake. Mteja akiingia, kabla hajaongea na baba aliongea na mimi.

Jambo moja lazima ulijue kwanza. Nyumbani kwetu, nyuma ya mlango, palikuwa na mfuko mkubwa wa plastiki wenye mistari ya rangi, ule ambao kila mtu aliyewahi kuhama anaufahamu. Ndani yake zilikaa nguo zetu za maana. Tangu ile miezi ya fujo, wageni walipofukuzwa majumbani mwao, mama hakuwahi kuzitoa nguo hizo na kuzipanga kabatini. Mimi niliambiwa tulihama mtaa wa zamani kwa sababu ya panya. Niliamini. Hata leo nikimwona panya huwa namwona kama mwenye nguvu kuliko alivyo.

Siku moja akapanda ngazi mwanamke mmoja mwenye viatu vilivyomwagikiwa rangi. Aliitwa Lindiwe. Alimsalimu baba kwa mikono miwili, akamwita baba, kama Wazulu wanavyomwita mwanamume mzima, kisha akaeleza. Alikuwa anatoka katika shirika la sanaa linaloandaa sherehe za mitaani. Kila mwaka waliandaa maandamano: ngoma, wachezaji, watu wanaotembea juu ya mironjo, na mwishoni kabisa kinakuja kitu kikubwa ambacho watu wote hukingojea. Safari hii walitaka wageni nao washiriki, kwa sababu mji ni wa wote. Alikuwa anatafuta fundi wa kushona suti.

"Muulize ni ya nani," baba akaniambia.

"Ni ya bwana mmoja mkubwa sana," Lindiwe akajibu, akicheka, akampa vipimo.

Upana wa mabega peke yake ulizidi urefu wa meza yetu. Mkono mmoja wa koti ungeweza kutuvika mimi na dada yangu, mmoja akiwa amesimama juu ya mabega ya mwenzake. Baba alivaa miwani, akavisoma vipimo, akaivua.

"Mwambie mimi sishonaki mutu mwenye sijapima na mikono yangu. Eko wapi nimupime?"

"Ni siri hadi siku yenyewe," Lindiwe akasema. "Tunataka watu washangae."

Halafu yakafuata masharti. Kitambaa kiwe pamba tupu, kisiwe na nailoni hata uzi. Mifuko iwe mingi, nje na ndani, hata mgongoni, wala isiwe na vifungo. Bitana, yaani kile kitambaa laini kinachoshonwa kwa ndani ili koti likae vizuri na lidumu, isiwekwe. Wala pindo zisipigwe vizuri. "Usijisumbue, baba. Ni ya siku moja tu."

Alipotoka, baba alikaa akiitazama mashine yake. Sadiki ndiye aliyeanza.

"Mifuko yote hiyo? Fundi, umepata kazi ya bosi wa vibaka wa stesheni."

"Nyamaza, Sadiki."

"Au bwana arusi. Pesa za mahari kala mwenyewe, ndiyo akawa mnene hivyo."

Baba hakucheka. "Nguo ya siku moja," alisema. "Weye Sadiki, unajua nguo gani ya siku moja? Mimi najua moja tu, na mwenye kuivaa hatembeaki."

Mimi, chini ya meza, nilikuwa nimeshaelewa kila kitu kwa namna yangu. Mtu huyo alikuwepo. Alikuwa amelala mahali, mgonjwa, mkubwa kupita kiasi, na watu wa sanaa walikuwa wamemficha ili wamtoe siku moja barabarani. Mifuko ilikuwa ya dawa zake. Pamba ni kwa sababu ngozi yake inawasha. Yote yalipangika vizuri kichwani mwangu, na nilimwogopa na kumhurumia kwa pamoja. Usiku nilijiuliza analalaje katika mji ambao hata sisi vitanda vilikuwa havitutoshi.

Watu wazima nao walikuwa na hesabu zao. Mama aliposikia alisimama na kitana mkononi. "Banatuita tutoke inje tusimame mu barabara sisi wote pamoja," alisema. "Mara ya mwisho batu kukusanyika mu barabara, ilikuwa juu yetu." Sadiki naye aliacha utani kidogo, akasema wakati wa fujo hakumwona mtu wa ngoma akipanda ngazi zile kuuliza kama kuna anayehitaji maji. Leo wanacheka na kila mtu. Wanataka kujua nani anakaa wapi, nani ametoka wapi. Kwa nini?

Baba alishona hata hivyo, kwa sababu kazi ni kazi. Lakini alishona kama mtu anayesikiliza hatua za mtu kwenye ngazi. Koti lilipokamilika walikuja kulichukua. Suruali ilipokamilika alikataa kuwapa. Alisema ataipeleka mwenyewe, aipimishe kwenye mwili, na mimi nitafuatana naye.

Mahali pao pa kazi palikuwa ghala la zamani ng'ambo ya reli. Tulipofika tu nikaipata harufu ile ya unga. Mlangoni palikuwa na pipa juu ya moto, na mwanamume mmoja mwembamba alikuwa anakoroga kitu cheupe kizito kwa ubao. Niliona ni uji. Nani mwingine, kama si yule mgonjwa mkubwa, anakula uji wa pipa zima? Nilimshika baba suruali, ile aliyoivaa, maana ile nyingine alikuwa ameikumbatia kama mtoto aliyelala.

Lindiwe alikuja akasimama mbele ya pazia refu. "Asante, baba. Tuachie hapa, tutamvalisha wenyewe."

"Mwambie nguo yangu haivaliwe kama sijaona namna inakaa."

Wakaanza kuvutana kwa adabu, kila mmoja akitabasamu, nami katikati nikitafsiri. Nikachoka. Nikasema nataka choo. Nilionyeshwa njia ya nyuma, na njia hiyo ilipita kando ya pazia pale lilipoachana na ukuta.

Alikuwepo. Amesimama, kichwa karibu na mabati, amevaa koti la baba. Begani amening'iniza mfuko wa mistari, sawasawa na wa nyuma ya mlango wetu, ila gari lingeweza kuingia ndani yake. Chini ya koti palionekana miguu ya mtu wa kweli, yenye viatu vya turubai, nayo ilisogea. Kisha kutoka tumboni mwake nikasikia kikohozi.

Yule mwembamba wa pipa aliingia upande wa pili, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumzia chai: "Jumamosi mkifika uwanjani mmsimamishe katikati, mbali na miti. Tutamchoma hapo."

Sikumbuki nilivyorudi. Nakumbuka nilimvuta baba hadi nje, hadi kwenye reli, nikamwambia wana mtu mle ndani na watamchoma. Akaniuliza mara moja tu kama nimesikia vizuri. Nikasema ndiyo. Nikamwambia mtu huyo ana mfuko kama wetu.

Baba aligeuka. Nilidhani tunakimbia kwenda nyumbani. Tulirudi ghalani.

"Utasema vile ninasema," aliniambia. "Usipunguze kitu." Alijua kwamba kila nilipomtafsiria nilikuwa napunguza, ili wateja wasikasirike.

Lindiwe alituona akatabasamu tena. Baba akamwuliza: "Munamuchoma?"

Hakuficha. Alinieleza kwa upole, akainama ili tuwe sawa kwa urefu. Kila mwaka ndivyo wanavyomaliza. Watu huandika shida zao kwenye vikaratasi na kuvitia katika mifuko ya sanamu njia nzima, halafu uwanjani sanamu huchomwa, na shida huondoka na moshi. Ndiyo maana ya mifuko mingi. Ndiyo maana ya pamba, kwa sababu nailoni hutoa moshi mbaya na watoto huwa wengi. Ndiyo maana ya siku moja. Kila kitu tulichokuwa tumekitilia shaka kilipata maelezo pale pale, na kila maelezo yalizidi kumkunja baba uso.

"Na ule mufuko wa mistari?"

"Mwaka huu ni Msafiri," Lindiwe akasema. "Kila mtu wa Joburg ametoka mahali. Msafiri anazibeba shida zetu anakwenda nazo."

"Anakwenda nazo wapi?"

Nilitafsiri. Lindiwe akageuka kulitazama pazia.

Baba akaongea bila kupandisha sauti. "Mwambie: mutu mwenye kutoka mbali, banamubebesha shida ya muji. Banamuzunguka. Banaimba. Banamuchoma mu barabara. Mwambie mimi niliona ile. Mwambie hata weye ulikuwako, nilikufunika macho na koti yangu nikakimbia."

Mimi siku hiyo niliikumbuka kama mchezo. Baba alinifunika kichwa kwa koti akakimbia nami, nami nikacheka humo ndani kwenye giza lenye harufu ya pasi, nikimwambia aongeze mwendo. Nilikuwa nimeuhesabu mchezo ule kama siku yangu nzuri kuliko zote.

"Amesema nini?" Lindiwe aliuliza.

Nikamwambia. Nilimwambia kwa Kizulu, yote, sikupunguza.

Nyuma ya pazia kitu kikaanguka. Akatoka mwanamume mwenye kitambi, jasho limemtiririka, viatu vya turubai miguuni. Walimwita Bra Thabo, yaani kaka Thabo. Alikuwa mlinzi wa duka, na siku za mapumziko ndiye aliyebeba sanamu kwa ndani. Alikuwa amesikia. Alikaa sakafuni. Hapo ndipo nilipojua kwamba jitu langu lilikuwa karatasi na fito, na uji ulikuwa gundi. Sikupata nafuu hata kidogo.

Yule mwembamba alikasirika. "Ni karatasi tu. Watu wanakuja kwa ajili ya moto. Bila moto hakuna sherehe."

"Eish, nyamaza kidogo," Lindiwe alimwambia. Kisha kwa baba: "Siamui peke yangu. Inabidi tukae kikao."

"Nipe koti yangu."

Koti lilikuwa limeshagundishwa shingoni. Basi baba akaondoka na kile alichoweza: suruali.

Sadiki alicheka hadi akashika ukuta. "Umemwacha bwana mkubwa bila suruali mbele za watu!" Halafu baba akamweleza mengine, na Sadiki akarudi kwenye zipu zake.

Siku moja kabla ya maandamano Lindiwe alikuja nyumbani kwetu. Kikao kimekubali, alisema. Hawatamchoma Msafiri. Vikaratasi vitatolewa mifukoni na kuchomwa peke yake kwenye pipa. Aliomba suruali.

"Usimupe," mama akasema. "Anatafuta nguo tu."

"Nani mwingine amekubali?" baba aliuliza. "Yule wa gundi naye?"

Lindiwe alisita kidogo kabla ya kusema ndiyo. Sisi wote tulikuona kusita kule. Baba akasema suruali ataileta yeye, ataishona mwilini yeye, na njia nzima atatembea karibu na mguu wa sanamu. Lindiwe akasema sawa. Mama alikaza kamba ya mfuko wa nyuma ya mlango.

Sitakuambia kwamba maandamano yalikuwa mazuri, ingawa watu husema yalikuwa. Mimi nilitembea nikiwa nimeshikwa mkono na baba, na baba ameshika pindo la suruali. Watu walisogea kutia vikaratasi vyao, wengine wakamgusa Msafiri kwa upole, wengine wakampiga makofi mgongoni, na kila mkono uliokuja baba aliutazama mpaka urudi. Nami nilijifunza siku hiyo kutazama mikono.

Uwanjani palikuwa na pipa linalowaka. Lakini watu hawakuwa kwenye kikao. Wao walikuja kama kila mwaka. Msafiri aliposimama katikati, ngoma zikabadilika, na nyuma kabisa mtu mmoja akaanza: "Mchome!" Wengine wakaitikia. Ulikuwa ni wimbo wa furaha, ukumbuke, watoto wa rika langu waliuimba wakiwa mabegani mwa baba zao. "Mchome! Mchome!" Lindiwe alichukua maikrofoni akaeleza, wakamzomea. Yule mwembamba alisimama karibu na pipa, mikono mfukoni, akitazama chini. Nilimwangalia baba. Alikuwa amevua koti lake, amelishika tayari juu ya kichwa changu.

Hapo koti la Msafiri likafunguka tumboni. Kichwa cha Bra Thabo kikatokeza, kimelowa jasho kwa joto. Kwa kawaida hapo huwa ameshatoka akaenda kunywa maji. Safari hii alikuwa amebaki.

"Nimo humu!" alipiga kelele. "Anayetaka kuchoma aanze na mimi! Ila mjue nina mafuta mengi, mtaunguza uwanja mzima!"

Watu wakacheka. Kicheko kikavunja ule wimbo, na wimbo ukishavunjika ni vigumu kuuanza tena. Thabo hakutoka. Alinyoosha mkono kutoka pale tumboni, akachomoa kikaratasi mfukoni, akakirusha kwenye pipa. Kisha kingine. Mama mmoja akaja kutafuta chake. Wakaja wengine, polepole, wakipekua mifuko aliyoishona baba, hadi ikawa mitupu.

Baba hakuachia pindo. Aliendelea kulishika watu walipoanza kuondoka, aliendelea moto ulipokuwa majivu, na Lindiwe alipokuja kumshukuru alimwitikia kwa kichwa huku macho yake yakiwa kwenye pipa. Nadhani alimwamini Thabo. Lindiwe sijui. Mama hakufungua mfuko usiku ule, wala mwezi ule.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na sijamwona mtu mbaya ndani yake. Niliona watu wenye nia njema walioelekea pabaya bila kujua, na mtu mwenye hofu aliyerudi nyuma kuvuka reli, akauliza. Kwa hiyo ukialikwa kwenye sherehe ya mtaa na moyo wako unakataa, usikae nyumbani ukinung'unika. Nenda mchana, kabla ya siku yenyewe, umtafute anayeandaa, umwulize jambo lenyewe linaishaje, na usiondoke hapo mpaka akujibu.